Zima Taa, Acha Mlango wa Ziwani

Mbayuwayu yule alikuwa akizunguka chini ya paa tangu asubuhi. Ilikuwa hangari ya mtu binafsi, si mbali na Bandari ya Bujumbura, imejaa magunia ya sukari mpaka karibu na mihimili. Kufika saa kumi alasiri wapakizi walikuwa wamemaliza mbinu zote: wamegonga mabati kwa mti, wamepiga mbinja, wamerusha makopo, na kijana mmoja alipanda juu ya magunia akipunga shati. Milango miwili, ambayo kamyo hupita bila wasiwasi, ilikuwa wazi muda wote huo, lakini ndege hakupita hata mmoja.

Wengi huishia hapo wakisema ndege hana akili. Ukitazama paa utaona kwamba akili anayo. Katikati ya mabati mlikuwa na vipande vya plastiki vya kupitisha mwanga, vilivyowekwa ili kupunguza bili ya umeme. Ndege aliyetishwa hupanda juu, tena huelekea penye mwanga, kwa sababu huko porini juu na penye mwanga ndiko kwenye usalama. Mlango ulikuwa mita kadhaa chini yake. Ili atoke ilibidi ashuke, aje usawa wa watu wanaopiga kelele, apite chini ya kizingiti chenye kivuli. Kila kopo lililorushwa lilimbakiza palepale kwenye plastiki.

Kilichomtoa ni jua. Bujumbura iko upande wa mashariki wa Tanganyika, na jioni jua hutua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya maji. Mlango mmoja wa hangari ulitazama ziwa. Ilipokaribia saa kumi na mbili msimamizi alikubali, shingo upande, kuzima taa zote, kusimamisha foklifti, kufunga mlango wa upande wa mji na kuwatoa watu wote nje, wakae pembeni na si mbele ya mlango. Paa likaanza kuwa jeusi. Mlango wa ziwani ukabaki peke yake, mwekundu, unang'aa mara mbili kwa ajili ya maji. Mbayuwayu alizunguka mara nne au tano, kila mara chini kidogo, akatua juu ya gunia, akapumua mdomo wazi. Halafu akatoka kama kitu kilichorushwa. Kazi nzima haikufika saa moja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kukaa kimya.

Mbinu hii ina mipaka yake. Giza likishaingia kabisa ndege wa mchana hasogei, atajikunyata kwenye mhimili mpaka asubuhi. Ukikosa dakika zile za machweo, rudi alfajiri, au weka taa nje ya mlango huku ndani pakiwa giza. Kosa jingine ni kungoja siku tatu ukidhani atapata njia mwenyewe. Ndege mdogo wa gramu ishirini hana akiba mwilini. Siku moja au mbili bila chakula na maji zinatosha kumwangusha.

Ndiyo maana swali la kwanza ni ndege gani. Shomoro atashuka kufuata mtama na sahani ya maji, na unaweza kumnasa kwa kizimba kidogo chenye mlango wa kuanguka. Mbayuwayu hula wadudu angani, kwa hiyo mchele uliomwagiwa kwa huruma ni kama hakuna. Teleka, anayefanana naye, akianguka sakafuni hunyanyuka kwa shida kubwa kwa sababu mabawa yake ni marefu na miguu mifupi mno. Huyu mweke kwenye kiganja kilicho wazi, uinue mkono nje mahali palipo peupe, umwache aruke mwenyewe. Usimrushe. Aliyegonga ukuta mfunike kwa kitambaa, mtie kwenye boksi la katoni lenye matundu, giza na utulivu kwa saa moja au mbili, na usimtilie maji mdomoni, maana hapo ndipo wenye huruma huwaua wengi. Aliyenaswa kwenye gundi ya panya usimvute: mafuta ya kupikia, kidole kwa kidole, mpaka unyoya uachie. Gundi hiyo, kwa maoni yangu, isingepaswa kuuzwa kwa wenye maghala kabisa.

Kumtoa mmoja ni rahisi. Shida ni wale wanaorudi kila siku, na hao huletwa na punje. Mizigo inayokuja kwa meli kutoka Kigoma na Mpulungu hushushwa kwa mikono na kwa ndoano, na ndoano hutoboa magunia. Penye mahindi au mchele, kila tundu ni meza iliyoandaliwa. Nimeona zamu, yaani mlinzi, akifagia barabara ya katikati kwa bidii na kuziacha pembe zote, kumbe shomoro hula pembeni. Zikifagiliwa pembe kila jioni, na magunia yaliyochanika yakashonwa siku hiyohiyo, ndege hupungua kabla hujanunua kitu chochote. Mavi makavu yalowanishwe kwanza, tena mfagiaji afunge pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake hubeba kuvu zinazoingia mapafuni.

Baada ya fagio ndipo wavu. Tundu la milimita 50 humzuia njiwa, ila shomoro hulipita kana kwamba halipo, na yeye anahitaji milimita 19. Mafundi wengi hufunga wavu wa njiwa kisha hulalamika kwamba wavu haufanyi kazi. Na kabla ya kuziba upenyo wowote chini ya paa, panda ngazi utazame. Ukisikia vilio vya makinda, acha mpaka waruke. Ukiziba mapema, mama ataparua mabati nje, makinda watafia ndani, na harufu itakaa hangarini kwa wiki nzima.

Miba ya chuma kwenye kingo siipendi. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza viota vya kunguru na jamaa zao vilivyojengwa kwa miba ileile ya kufukuzia ndege. Kimoja, kilichokutwa kwenye uwanja wa hospitali huko Antwerp, Ubelgiji, kilikuwa na miba karibu 1,500.

Wanaodai sumu ndiyo njia ya mkato watazame pwani. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja miaka ya 1890. Katika miaka ya 1990 kampeni ya mitego na sumu iliwapunguza sana, fedha za mradi zikaisha, kunguru wakarudi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza nia ya kuua kunguru milioni moja, na wenye hoteli walikuwa mstari wa mbele kuwalalamikia ndege hao. Kunguru yule ni mgeni mharibifu, sitamtetea. Lakini sumu inayotumika huua figo taratibu, ndege hafi papo hapo, na jalala lililomlisha hubaki palepale likimngoja mrithi.

Kwenye hangari ile ya sukari kulikuwa na mpangaji mwingine: bundi mwenye uso mweupe wa umbo la kopa, kwenye pembe ya juu kabisa. Wapakizi walitaka auawe kabla ya yote, kwa sababu wanazozijua wote waliokulia huku: bundi akilia, mtu anakufa. Msimamizi naye alitaka wavu ufunge kila kitu. Fundi wa wavu akapendekeza sanduku la mbao lishikizwe nyuma ya ukuta, mlango wake ukitazama nje, ili bundi alale humo bila kuingia juu ya mizigo, na wavu ufungwe atakapokuwa amehama.

Zamu ndiye aliyemaliza ubishi, bila kukusudia. Bundi humeza panya mzima na baadaye hutapika donge la manyoya na mifupa. Zamu aliokota moja chini ya mhimili, akalipasua kwa kijiti juu ya gunia tupu, mbele ya kila mtu. Mlikuwa na mafuvu matatu ya panya. Msimamizi aliyatazama, akatazama magunia yake yaliyotafunwa pembe, akauliza mbao zinauzwaje.