Nani Muchawi? Juu ya Filme Moja ya Woga kutoka Italia

Rafiki mumoja wa hapa Goma alituuliza: je, inafaa museminari atazame filme za woga na mauaji? Hatukumujibu upesi. Mutaguso wa Pili wa Vatikano, katika dekreti Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali kama kuonyesha ubaya kunaweza kutusaidia kumujua mutu zaidi, lakini kwa sharti sheria ya Mungu iheshimiwe na tamaa mbaya zisiamushwe. Kwa kipimo hicho tupime filme moja.

Waitalia wanaita filme za namna hii «giallo», ndiyo kusema manjano, kwa sababu ya vitabu vya mauaji na upelelezi vyenye jalada la manjano, ambavyo nyumba ya Mondadori ilianza kutoa mwaka wa 1929. Katika sinema Mario Bava alifungua njia mwaka wa 1963, na Dario Argento akaipanua tangu 1970. Nyingi zinapenda miji mikubwa, nyumba za matajiri na muuaji mwenye kuvaa glovu nyeusi. Lakini Lucio Fulci, mwaka wa 1972, alikwenda katika kijiji maskini cha Italia ya kusini, kwenye jua kali. Filme yake inaitwa Non si sevizia un paperino.

Watoto wanaume wanauawa, mumoja nyuma ya mwingine. Watu wanamushitaki mwanamuke mwenye kufanya uchawi kwa masanamu madogo. Yeye mwenyewe anasadiki kama uchawi wake ndio uliowaua. Polisi wanahakikisha kama alikuwa mbali, wanamufungua. Lakini wanaume wanamungoja makaburini na kumupiga kwa minyororo, huku radio ikiimba wimbo mutamu wa mapendo. Anajikokota mupaka kando ya barabara. Motokari za watu wa likizo zinapita, hakuna hata moja yenye kusimama. Nani asiyekumbuka hapo mufano wa Musamaria mwema?

Sisi wa Kivu tusiseme: hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka wa 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walioshitakiwa uchawi waliuawa na umati, wengine kwa moto.

Tunalazimika kufunua siri ya filme, kwani ndiyo inatuhusu zaidi. Muuaji ni padri wa kijiji, kijana mwenye kupendwa, mwenye kuchezesha watoto mupira. Anawaua kusudi wafe mbele ya kuanguka katika zambi. Je, Fulci anatukana Eklezia? Sisi hatuoni vile. Anaonyesha usafi uliotengwa na mapendo. Padri huyo alichukia zambi kuliko alivyopenda watu. Hakuwaachia watoto nafasi ya kukomaa wala ya kutubu. Umati nao ulitaka kijiji safi. Muzizi wao ni mumoja.

Makosa yapo. Kamera inakaa mno juu ya vidonda. Padri anapoanguka kwenye mawe, uso wa bandia unaonekana wazi, mutu anacheka pahali pa kulia. Tena mwanamuke mumoja anajionyesha uchi mbele ya mutoto: hilo hatulisifu. Kwa hiyo filme hii isionyeshwe kwa vijana wa parokia. Padri na katekista waitazame wao wenyewe, halafu wazungumuze.

Kwani siku kelele ya «muchawi!» itakaposikika katika mutaa wetu, tutakuwa wapi: katika umati, ndani ya motokari yenye kupita, ao kando ya yule anayelala chini?