Sebule ya Maniema: Ufundi wa Kumkalisha Mgeni

Kupanga sebule ni kupanga watu kabla hawajafika. Seremala hutengeneza kiti, lakini anayekiweka mahali pake ndiye anayeamua nani atatazamana na nani, mzee atakaa upande gani, na sinia la chakula litapita wapi. Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ufundi huu umelelewa na mambo matatu: adabu za ugeni zilizofika na misafara kutoka pwani, miti ya msitu, na shida ya njia. Barabara zikiwa mbovu, kila kabati na kila meza ama imetengenezwa karibu, ama imebebwa kwa jasho. Ndiyo maana hapo kitu hakiwekwi ndani bila kazi yake kujulikana.

Fahari ya zamani ilikuwa Kasongo ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambayo magofu yake yako Tongoni. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893. Sidney Hinde, tabibu Mwingereza aliyefuatana nayo, ameandika katika kitabu chake cha 1897 kwamba walikuta vitanda vya kuchonga, magodoro ya hariri na atlasi, vyandarua, na bilauri za kioo na za fedha. Chumba alichojitwalia kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, karibu mita 24 kwa mita 4 na nusu, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, hivyo vilivyofaa kusafirishwa kutoka Unguja kupitia Tabora na Ujiji ni vile vinavyokunjika au kufungika: vitambaa, mazulia, vyombo. Utajiri huo ulitoka katika pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na Maniema ndiyo iliyoulipia. Magodoro ya hariri yalikwenda na wenyewe. Namna ya kukaa ilibaki.

Chumba kirefu chembamba kina kanuni zake, na pwani wanazijua. Lamu, upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko, usiozidi sana mita 2 na nusu. Chumba cha Hinde kilikuwa kipana kuliko hivyo, ila umbo ni lile lile. Humo viti husogezwa ukutani, na katikati huachwa wazi. Chumba kikiwa kirefu mno hugawanywa kwa mkeka au zulia: huku maongezi, kule chakula. Watu wakipangwa mstari mmoja kuta nzima, wa mwisho hupiga kelele ili wasikike. Wakikusanywa pande tatu, mmoja huzungumza na wote wakasikia. Nyumba nyingi za leo, za matofali na mabati, zina vyumba vidogo zaidi, lakini kanuni haijabadilika: katikati pabaki nafasi ya mtu kupita bila kuruka miguu ya wenzake.

Mpangaji huanzia mlangoni. Kiti cha mzee au cha mgeni wa heshima huelekea mlango, ili aone anayeingia na asalimiwe wa kwanza. Vijana hukaa karibu na kizingiti, kwa kuwa ndio wanaotumwa. Katika nyumba za Waislamu, ambao ni wengi katika miji hii, pazia hutenganisha sebule na ua, na njia ya jikoni hupangwa isikatize mbele ya wageni wanaume. Aliyepita kutoa salamu tu hukaribishwa barazani, kwenye benchi au kiti cha mwanzi. Akiingizwa ndani, ajue amepewa daraja nyingine.

Baada ya nafasi huja mbao. Mti unaosifiwa ni mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao wa Kongo huuita kambala: ni mgumu, na mchwa hawauwezi kwa urahisi. Mbao mbichi hupangwa kivulini kwa tabaka, vijiti vikitenganisha tabaka na tabaka ili hewa ipite. Fundi mwenye haraka anayepiga randa kabla hazijakauka ataona viungo vikilegea na uso wa meza ukipinda. Fundi hodari huchonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, akavikaza kwa gundi, na msumari akaufanya msaidizi. Fotei ya namna hiyo, fremu ya mbao na mito ya sponji, hudumu miaka. Mito ikichakaa hubadilishwa kitambaa, fremu ikabaki ile ile.

Mkono wa mama mwenye nyumba unaonekana kwenye vitambaa vya kufuma. Kitambaa cha mgongo wa fotei huanzia katikati kwa vitanzi vichache, kisha kila mzunguko huongezewa vitanzi, hadi duara litandazike bila kujikunja. Likifumwa kwa kubana mno hugeuka bakuli. Likilegezwa, kingo hujaa mawimbi. Kikishafuliwa huchovywa katika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, huvutwa juu ya ubao na kuanikwa juani hadi kikakamae. Kazi yake si pambo tu: hukinga mafuta ya nywele na vumbi, na kufua kitambaa ni rahisi kuliko kufua fotei.

Mahali pa kulia kuna mapokeo mawili, na nyumba nyingi zina yote mawili. La kwanza ni mkeka na sinia. Walaji huzunguka wali, wa mpunga ulioenezwa Maniema na watu wa misafara, au bugali na sombe, na birika la kunawia hupitishwa kabla na baada. Mkeka hutaka sakafu safi, viatu kuachwa mlangoni, na nafasi pande zote. La pili ni meza, iliyoenea enzi za Wabelgiji pamoja na kabati la vyombo. Vipimo vyake ni vya mwili wa mtu: kimo cha meza kama sentimita 75, cha kiti kama 45, na kila mlaji apate sentimita 60 za ukingo. Nyuma ya kiti ziachwe 75 au zaidi, ili aliyeshiba ainuke bila kumsumbua mwenzake. Chumba kisichotosha vipimo hivyo kina heri na mkeka, ambao chakula kikiisha hukunjwa na chumba kikarudi kuwa sebule.

Kuta hupambwa mwisho, na kwa kiasi. Kalenda, picha ya harusi, aya iliyoandikwa vizuri: kimoja kila ukuta chatosha, kwenye usawa wa macho ya aliyekaa, kwa kuwa sebuleni watu hutazama wakiwa wamekaa. Taa huwekwa pembeni ya wazungumzaji, isiwe nyuma ya mmoja wao, au uso wake utapotea gizani. Kabati lisisitiri dirisha, na lisigusane na ukuta: upana wa kiganja nyuma yake huruhusu hewa kupita wakati wa masika na jicho kuona njia za udongo za mchwa mapema.