Boksi la adapta ya Bluetooth linasema ukweli usiotuhusu

Ingia duka la vifaa vya simu pale Kyela mjini, ulizia adapta ya Bluetooth ya kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani. Boksi litakusalimia kwa mambo mawili: namba kubwa, 5.0 au 5.3, na umbali, mara nyingi mita 100. Muuzaji naye atakusomea hayo hayo. Maandishi haya tuyasome kwa ukali ule ule tunaosomea makala ya kisayansi, maana hayadanganyi waziwazi, ila yanajibu swali ambalo mtu wa hedifoni hakuuliza.

Bluetooth 5.0 ilipotoka mwaka 2016 ilisifiwa kwa kufika mbali mara nne na kwenda kasi mara mbili. Ni kweli, lakini sifa hizo ni za upande mmoja tu wa Bluetooth, ule wa kutumia umeme kidogo, unaofaa vitu kama saa za mkononi na vipima joto. Muziki kwenye hedifoni nyingi bado unapita njia ya zamani, ambayo kasi yake ya juu, megabiti 3 kwa sekunde, haijasogea tangu 2004. Njia mpya ya sauti ipo, ilikuja na 5.2, ila inataka adapta, hedifoni na Windows vyote viwe vinaijua. Kwa kompyuta ya mtumba yenye Windows 10, namba hiyo ni pambo tu.

Na zile mita 100? Mawasiliano ni ya pande mbili. Adapta hata ipaze sauti kama mpiga mbiu, hedifoni yenye kibetri kidogo lazima nayo ijibu, na jibu lake ndilo hafifu.

Linaloniudhi zaidi ni lile ambalo boksi limelinyamazia. Chukua mwanafunzi wa isimu aliyerekodi wazee wa Matema wakisimulia kwa Kinyakyusa. Sasa yuko steshenari ananukuu neno kwa neno, na mvua ya Aprili inapiga bati hadi hasikii kitu bila hedifoni. Imeunganika vizuri. Lakini nyuma yake kuna programu ya mikutano iko wazi, nayo imeshika maikrofoni ya hedifoni. Hapo kompyuta inahamisha hedifoni kutoka hali ya kusikiliza kwenda hali ya simu. Badala ya vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, vinabaki 16,000, na kwenye vifaa vya zamani 8,000. Kanuni ni kwamba sauti inayopona haizidi nusu ya hesabu hiyo, yaani hertzi 8,000 au 4,000. Nguvu kubwa ya “s” iko juu ya 4,000. Ikikatwa, “saa” na “faa” zinaanza kufanana, na kwa Kinyakyusa mambo ni hayo hayo. Mwanafunzi anaandika alichokisia, kisha kinaingia kwenye tasnifu kama neno la mzee.

Dawa yake wala si adapta ya bei. Funga hiyo programu, au tumia maikrofoni nyingine, na kwenye mipangilio ya sauti ya Windows 10 chagua jina lenye “Stereo”, si “Hands-Free”.

Sauti ikikatikakatika, angalia ulipochomeka. Wengi huchomeka nyuma ya lile kasha la bati tunaloliita CPU (CPU yenyewe ni kidude kidogo humo ndani), chini ya meza, jirani na diski ya nje kwenye tundu la bluu la USB 3.0. Mwaka 2012 Intel walionyesha kwamba USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye gigahertzi 2.4, masafa yale yale ya Bluetooth. Ongeza na mwili wako uliojaa maji, ambao nao hunyonya mawimbi hayo. Ekstensheni fupi ya USB ya kuileta adapta juu ya meza itakusaidia kuliko kuhama kutoka 5.0 kwenda 5.3.

Kwa kazi ya kunukuu, mimi bado ningechomeka hedifoni ya waya.