Mizani ya Usingizi

Mtungaji wa pwani ya Mchinga atakaye kuusifu usingizi hana haja ya kwenda mbali kutafuta umbo, kwani hapo kusini yake, katika mji wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alikwisha kuutumia utenzi kuvihadithia Vita vya Majimaji, kazi iliyotiwa chapa pamoja na tafsiri ya Whiteley mwaka 1957. Na umbo lililostahimili vita halitashindwa na lepe la usingizi. Tuupime ubeti huu, nilioutunga makusudi:

Bahari imetuliya,
macho yanajifungiya,
upepo waniimbiya,
wanijiya usingizi.

Kila kipande kina mizani nane, na neno usingizi peke yake limeitwaa nusu ya kipande chake, kwa kuwa “ngi” ni mizani moja tu, ilhali ile M ya Mchinga hujitegemea, hata jina la mji likapata mizani tatu.

Vina vitatu vya mwanzo nimeviandika kwa “ya”, kama wazee walivyozoea katika hati ya Kiarabu. Vina hivi ni rahisi mno, maana kila kitenzi cha kutendea huvitoa bure, na mhakiki mkali angeniaibisha. Lakini katika habari ya kulala wepesi huo si taksiri. Shairi la mizani kumi na sita, ambalo Sheikh Kaluta Amri Abedi alilieleza katika kanuni zake za mwaka 1954, hupokezanisha kina cha kati na cha mwisho, na sikio halipati raha. Utenzi hulibembeleza kwa sauti moja mara tatu, kisha kina cha nne kikalishtua kidogo.

Taabu ni kwamba kina hicho cha “zi” hakina budi kurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi ukome, na mtungaji asiye na hadhari, baada ya kazi na mbaazi, atajikuta yumo jahazini, usingizi ameusahau. Mimi ningeukomesha ubeti wa pili kwa kipande hiki: “umepevuka na mwezi”. Kina kimetimia, na sababu imekuja pamoja nacho, kwa kuwa mbalamwezi ikienea baharini taa za wavuvi wa dagaa hazivuti kitu, na wenyewe husalia majumbani wakalala.