Mwanga uliomgawa furu

Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere aliong'atuka, furu mmoja wa Ziwa Victoria aliingizwa katika vitabu vya sayansi kwa jina lake. Waliompa jina hilo ni watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza samaki wa Mwanza. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ni samaki mdogo anayetosha kiganjani, lakini dume wake aliyekomaa haachi kuonekana: mgongo mwekundu, mbavu za manjano, na milia myeusi inayoshuka hadi tumboni.

Jirani yake wa karibu ni Pundamilia pundamilia. Umbo ni lilelile na milia ni ileile, ila dume wa huyu ana mwili wa kijivu na pezi la mgongoni linalong'aa bluu. Majike wa pande zote mbili wana rangi iliyofifia, na wanafanana kiasi kwamba kuwatofautisha ni kazi hata kwa mtaalamu. Spishi hizi mbili hukaa kwenye miamba ya visiwa vya kusini mwa ziwa. Kati yao hakuna nchi kavu wala mkondo wa maji. Katika kisiwa cha Makobe, jike wa nyererei anayemtaka dume wa bluu angehitaji kupanda mita chache tu kuelekea juu. Hapandi.

Kwa nini hapandi? Swali hilo limechukua miaka mingi ya kazi, na namna lilivyojibiwa inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu ni mojawapo ya mifano iliyo wazi kabisa duniani ya jinsi spishi mpya inavyozaliwa.

Kipimo cha spishi kinachofundishwa zaidi shuleni kiliwekwa mwaka 1942 na Ernst Mayr, mwanabiolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanyia kazi Marekani. Spishi, kwa kipimo hicho, ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na ambalo kizazi chake hakichanganyiki na cha makundi mengine. Mayr aliona kwamba njia ya kawaida ya kufika hapo ni kutenganishwa na ardhi. Mto unahama au bahari inapanda, kundi moja linabaki huku na jingine kule, na vizazi vingi baadaye wakikutana hawazaani tena. Maelezo hayo yanawaeleza vizuri ndege wengi wa visiwani. Kwa furu wanaoishi kwenye mwamba mmoja, hayatoshi.

Tena muda wenyewe ulikuwa mfupi. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya kuchimba tope la sakafu ya Ziwa Victoria. Chini ya tope laini walikuta tabaka gumu lenye alama za vijizizi vya mimea, yaani udongo uliowahi kukaa juani. Ziwa hili, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, lilikuwa limekauka, na maji yalirudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo limepata aina za furu zinazokadiriwa kufika 500. Kwa mnyama mwenye uti wa mgongo, hiyo ni kasi ya ajabu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kizuizi kiko wapi. Mara nyingine kizuizi huwa ndani ya mwili: punda na farasi huzaa nyumbu, na nyumbu hazai. Kwa Pundamilia sivyo. Walipopandishwa kwenye matangi, chotara walizaliwa wazima, wakakua, nao wakazaa. Miili haikataani. Anayekataa ni jike.

Na ana sababu ya kuchagua kwa makini. Dume hushika himaya yake kwenye nyufa za miamba na kuwafukuza madume wengine. Jike akikaribia, dume humzunguka huku akitikisa mapezi. Jike hutaga mayai machache kwa wakati mmoja, kisha hugeuka haraka na kuyaokota mdomoni. Kwenye pezi la chini la dume kuna vidoa vya manjano vinavyofanana na mayai. Jike huvidonoa, na hapo hupokea mbegu zinazorutubisha mayai aliyokwisha kuyaokota. Baadaye huyabeba mdomoni kwa takriban wiki tatu bila msaada wa dume. Akikosea mume, gharama yote ni yake.

Lakini huchagua kwa kuangalia nini? Ole Seehausen na Jacques van Alphen walijibu hilo kwa jaribio rahisi mno katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leiden. Walimpa jike nafasi ya kuchagua kati ya dume mwekundu na dume wa bluu, kwanza chini ya mwanga mweupe. Majike walikwenda kwa madume wa spishi yao. Kisha waliwasha taa ya rangi ya machungwa, ambayo mwanga wake hufuta tofauti kati ya nyekundu na bluu. Majike wakapoteza mwelekeo, wakawakubali madume wa pande zote mbili. Samaki walikuwa walewale. Kilichobadilika ni taa.

Sasa likabaki swali gumu zaidi: ni nini kiliwafanya majike wa ukoo mmoja wagawanyike, hawa wapende nyekundu na wale bluu?

Jibu limo majini. Maji ya Ziwa Victoria yana chembechembe nyingi, na chembechembe hizo humeza haraka mwanga wa bluu. Karibu na uso wa maji rangi zote bado zipo. Kadiri mtu anavyozama, bluu inapungua, na kinachobaki ni mwanga wa manjano na mwekundu. Furu wa bluu hukaa juu na mwekundu hukaa chini yake. Kila mmoja amevaa rangi inayoonekana mahali anapoishi.

Macho yao pia yamefuata mkondo huo. Kwenye retina kuna protini inayopokea mwanga wa mawimbi marefu, na jeni inayoitengeneza hujulikana kwa kifupi kama LWS. Jeni hii ina matoleo mawili makuu kwa samaki hawa. Toleo lililozagaa kwa furu wa bluu hunasa zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 544. Lile la furu mwekundu, nanomita 559. Tofauti ni ndogo kwa namba, lakini katika maji yenye giza na mwanga mwekundu inatosha kuamua nani anaona na nani haoni. Martine Maan na wenzake walilipima jambo hili kwa samaki hai. Samaki aliwekwa kwenye chombo cha mviringo na kuzungushiwa milia. Anayeiona milia huifuata kwa kuogelea. Mwanga ukapunguzwa taratibu hadi akaacha kufuata. Mwekundu alidumu zaidi katika mwanga mwekundu, na wa bluu katika mwanga wa bluu.

Mwaka 2017 Maan, Seehausen na Ton Groothuis waliongeza ushahidi ambao, kwa mizani ya uchambuzi huu, ndio wenye uzito kuliko yote. Walilea samaki wa spishi zote mbili chini ya taa zilizoiga maji ya juu na maji ya chini. Waliolelewa katika mwanga wa kwao walipona kwa wingi kuliko waliolelewa katika mwanga wa jirani. Kumbe mwanga hauamui ndoa tu. Unaamua pia nani ataishi hadi kufika umri wa kuoa.

Hapo ndipo mnyororo mzima unaposhikana. Jike mwenye jicho la wekundu humwona vizuri zaidi dume mwekundu, humchagua, na watoto wao hurithi jicho na rangi vinavyofaa kwenye kina hicho. Jambo lilelile hutokea juu kwa upande wa bluu. Malezi nayo yanachangia: Machteld Verzijden na Carel ten Cate walipohamishia mayai kwenye mdomo wa jike wa spishi nyingine, mabinti waliokua humo walipendelea madume wa spishi ya mama mlezi.

Maabara ni maabara, ziwa ni ziwa. Kwa hiyo matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, ambayo H. Mrosso wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania alikuwa miongoni mwa watafiti wake, yalitoka kwenye visiwa vyenyewe, kuanzia maji yenye tope hadi maji maangavu. Makobe, sahani ya kupimia uangavu hupotea machoni ikiwa imeshapita mita mbili. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, hupotea ikiwa karibu na nusu mita. Makobe kuna spishi mbili kamili, kila moja na toleo lake la jeni. Luanso kuna mchanganyiko mmoja: rangi za katikati, jeni zilizochanganyika, majike wasiobagua. Mwanga hapo hubadilika ghafla mno ndani ya kina kifupi, na hakuna nafasi ya makundi mawili kuzoea mazingira mawili. Visiwa vya Kissenda na Python viko katikati kwa uangavu. Utafiti wa jenomu wa mwaka 2017 uliongeza kwamba samaki wekundu wa visiwa hivyo viwili hawakuhamia tu kutoka Makobe: mgawanyiko ulijirudia ndani ya ghuba, baada ya jeni kuchanganyika.

Na jeni zenyewe zilitoka wapi, ikiwa muda ulikuwa mfupi hivyo? Joana Meier na wenzake walionyesha kwamba hazikutungwa upya. Yapata miaka 150,000 iliyopita, koo mbili za furu zilikutana katika ukanda huu na kuzaana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Kila ukoo ulileta toleo lake la LWS. Ziwa lilipojaa tena, wakazi wake wapya walikuwa tayari wamebeba matoleo yote mawili. Mageuko hayakungoja mabadiliko mapya ya jeni. Yaligawa upya yaliyokuwepo.

Anayetaka kuona kazi hii ikiwa bado njiani aende Ziwa Masoko, kusini mwa Tukuyu. Ni ziwa la kreta lenye upana wa mita 700 hivi. Humo kuna furu wa manjano wanaokaa ukingoni na wenye weusi wa bluu wanaokaa kwenye kina kirefu. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba walianza kuachana miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Bado wanachanganyika kidogo, lakini jenomu zao zina maeneo kadhaa yaliyokwisha kutofautiana waziwazi, yakiwemo yanayohusu kuona.

Yote haya yana upande wa pili unaouma. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, amelaumiwa kwa haki kwa kuwamaliza furu, na spishi zinazofikiriwa kupotea ni karibu 200. Tope halilaumiwi vya kutosha. Udongo wa mashamba, mbolea, majitaka ya miji na mwani unaostawi kwa uchafu huo vimepunguza uangavu wa maji, na tangu mwaka 1997 Seehausen na wenzake wameonyesha kwamba penye maji machafu aina za furu ni chache na rangi zimefifia. Sangara hula samaki mmoja mmoja. Tope huondoa kile kinachomfanya jike atofautishe, na spishi mbili zikarudi kuwa moja bila mzoga hata mmoja kuonekana ufukweni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Halmashauri zinazozunguka Ghuba ya Mwanza ziisimamie kwa dhati, kuanzia kwenye mabonde yanayomwaga udongo upande wa Luanso, kabla uangavu wa maji ya Makobe nao haujashuka hadi nusu mita.