Sikio la Fundi wa Mawe

Katika machimbo ya Ndarugu, karibu na Juja, misumeno ya mashine hunguruma kutwa na mawe hutoka yakiwa na kona kali, yote sawa. Kando yake mzee mmoja bado anachonga kwa nyundo na tindo. Kabla ya kuchonga huligonga jiwe, akatega sikio. Likilia kwa sauti kali, hulivuta karibu. Likijibu kwa sauti nzito iliyokufa, hulisukuma mbali.

Nilimwuliza kwa nini amelikataa moja ambalo machoni pangu lilikuwa zima. Hakunijibu. Alilimwagia maji, akaliacha juani. Uso ulikauka wote isipokuwa mstari mwembamba, mweusi, uliokuwa bado umeyashika maji.

“Umeona, kijana wangu?”

Lakini si kila ufa humfanya alitupe jiwe, na hapo ndipo ulipo ustadi wake. Mawe haya yalizaliwa na moto wa volkano. Mengine yalipasuka yakipoa, mengine ardhi ilipotikisika. Kisha maji yakapita humo na kuacha madini. Ufa uliobaki wazi ni udhaifu mtupu. Uliojaa udongo wa mfinyanzi ni hatari wakati wa mvua, maana udongo ukilowa huteleza. Kalsaiti nyeupe huunganisha, ila msumari huikwaruza na maji yenye asidi huila polepole. Madini ya silika ndiyo hushika kwelikweli: jiwe lililoungwa nayo likipigwa, huweza kupasukia pengine kabisa.

Jiwe lenye mshipa, yaani ufa wa zamani uliojaa madini, mzee hulilaza ukutani mshipa ukiwa sambamba na ardhi, ili uzito uubane. Mshipa ukikaa mshazari, uzito huohuo huzisukuma pande zake mbili ziteleze. Wataalamu wa maabara huliona jambo hili wakikandamiza vipande vya mwamba hadi vivunjike. Yeye alilipata kwa mikono.

Ufundi huu wa kuchonga mawe haukuanza jana. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, palikuwa na mahema na mabati. Waashi kutoka Bara Hindi, na Waafrika walioushika ufundi huo na kuuendeleza, ndio walioupa mji kuta za mawe ya kijivu.

Leo jiwe hununuliwa kwa futi na kuletwa kwa lori. Msumeno haukosei kipimo, ila haujui kukataa. Jiwe zima na lenye ufa huyapa uso uleule mzuri, kisha plasta ikafunika yote. Tumependa kona kuliko moyo wa jiwe. Hakuna kijana aliyeketi kando ya mzee yule kujifunza kusikiliza, kwa sababu kusikiliza hakuna anayekulipia.

Wewe unayejenga, usiache lori limwage mawe ukaenda zako. Mtafute fundi anayejua kugonga, umlipe siku yake, na usimnung’unikie akiyakataa mawe uliyokwisha kuyanunua.