Tadbiri ya Mwalimu wa Kiruruma Katika Majira ya Mitihani

Anayetaka kujua kwa nini Septemba huwa mwezi mzito kwa mwalimu wa shule ya msingi katika Kiruruma, mkoani Kagera, na aziweke kalenda mbili sambamba, ya Baraza la Mitihani la Tanzania na ya mvua. Kwa kalenda ya kwanza, mwezi huo ndio wa darasa la saba kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na wino wake haujakauka vema ndipo darasa la nne nalo hujiandaa kwa upimaji wa kitaifa wa Oktoba au Novemba. Kwa kalenda ya pili, kiangazi kilichoanza Juni hukoma, vuli huanza kunyesha juu ya vilima vya Karagwe na Kyerwa, na maharage hayana budi kupandwa upesi kibanjani, baina ya migomba na mibuni, kwa kuwa mbegu iliyokosa mvua ya mwanzo aghalabu humlipa mwenyewe majani matupu. Hivyo chaki na jembe humtaka mtu mmoja katika majuma yale yale. Na mtu huyo akiwa ni mwanamke mwenye mume na watoto, jiko na ndoo ya maji nazo hudai haki yao.

Mwalimu mmoja wa huko, ambaye namstahi kwa kutomtaja jina, huyavuka majira hayo pasipo madaftari ya wanafunzi kulala bila kusahihishwa na pasipo watoto wake kulala njaa. Jirani zake humsifu kwa wepesi wa mikono. Nami naona sifa hiyo haijafika kwenye kiini cha jambo, kwani wepesi ni wengi na walioelemewa miongoni mwao ni wengi vile vile. Fadhila yake kubwa ni tadbiri: kabla ya kuigusa kazi yoyote huipima kwanza kama yaweza kungoja, kisha kama yaweza kukatizwa katikati bila hasara, na majibu ya maswali hayo mawili ndiyo huiamulia kazi saa yake na mahali pake.

Kazi iwezayo kungoja, au kutangulizwa, huondolewa katika majira mabaya. Kuni huchanjwa na kupangwa chini ya paa mwezi Agosti, jua lingali kali. Mbegu za maharage huchambuliwa siku hizo hizo. Azimio la kazi huwa limekamilika tangu muhula kufunguliwa, na maandalio ya masomo ya juma zima huandikwa Jumamosi, nguo zikianikwa uani. Kazi isiyokubali kungoja wala kukatizwa, nayo ni kufundisha, hupewa saa bora za mchana na akili yote, maana kipindi cha dakika 40 hakina wasaa wa kuwaza mboga. Shajara ya somo huijaza papo hapo darasani, kipindi kikiisha, kumbukumbu ingali mbichi, kwa sababu karatasi iliyobebwa kwenda nyumbani ni deni jipya juu ya usiku ambao tayari umekwisha kukopwa.

Zimebaki kazi za alasiri, na hapo ndipo ustadi wake unapostahili kutazamwa kwa karibu. Katika nyumba nyingi za Kagera ndizi na maharage hupikwa katika sufuria moja, na desturi hiyo ya wazee ni hazina kubwa kwa mtu mwenye haraka, kwani moto ni mmoja, chombo ni kimoja, na cha kuosha usiku ni kimoja. Asubuhi kabla ya kuondoka mwalimu huyaosha maharage na kuyaloweka, nayo yakishinda yanakunywa maji mchana kutwa huiva kwa muda mfupi na kwa kuni chache. Arudipo huyainjika mara moja. Mtoto wake mkubwa, naye ni mvulana, humenya ndizi na kuzitia katika maji zisipate kupiga weusi. Harage likipondeka baina ya vidole viwili, ndizi huingia pamoja na kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta, sufuria hufunikwa, na kuni huvutwa nje kidogo. Tangu maharage yainjikwe hadi chakula kupakuliwa, jiko humhitaji mara chache tu. Muda uliosalia ni milki yake.

Katika muda huo husahihisha, na namna asahihishavyo imetungwa kwa makusudi ili iwezekane kukatizwa. Hasahihishi daftari moja tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Hulifungua swali la kwanza katika rundo zima, akalimaliza, ndipo akaanza la pili. Akiitwa na mtoto, au na sufuria inayofurika, huweka kijiti katika daftari aliloishia, na arudipo hana haja ya kukumbuka alikuwa akipima nini, kwa kuwa jibu linalotakiwa ni lile lile. Ipo faida nyingine, ya insafu: mwanafunzi wa mwisho katika rundo hupimwa kwa kipimo kile kile cha wa kwanza, na kosa linalorudiwa na wengi hujitokeza lenyewe, hata usiku ule ule mwalimu akajua somo gani litarudiwa kesho.

Rundo hilo nalo lina historia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ikaingiza tena watoto wengi mashuleni. Neema zote mbili naziunga mkono kwa moyo wangu wote; ila kila mtoto aliyefunguliwa mlango huleta daftari lake, na daftari hilo husomwa na mtu aliye hai, mwenye macho mawili na usiku mmoja.

Tadbiri hii ina mpaka. Juma la zamu huivunja, kwa kuwa mwalimu wa zamu hana budi kuwatangulia wanafunzi shuleni na kuondoka baada yao. Ugonjwa wa mtoto mmoja huivunja. Na mvulana yule asingefunzwa kumenya ndizi, isingesimama hata siku moja. Kwa hiyo ni dhuluma kumtazama mwalimu kama huyu na kuhitimisha kwamba mzigo ni mwepesi kwa sababu ameubeba vizuri. Mwalimu mkuu anaweza kuipanga zamu ya Septemba na Oktoba tangu Julai, akawaepusha walimu wa darasa la saba na la nne na zamu katika majuma ya kupanda. Mume anaweza kulishika jembe asubuhi na ndoo jioni pasipo heshima yake kupungua hata chembe. Mambo hayo hayahitaji fedha wala waraka kutoka Dodoma, na yakitendwa, ustadi wa mwalimu ambao leo hutumika kumwokoa na maji ya shingo utatumika kwa kazi aliyoisomea, yaani kuwafundisha watoto wa Kiruruma.